Shangazi, Wanga na Noti ya 1902

Kati ya 1863 na 1935, maelfu ya benki za Marekani, nyingine zikiwa katika miji midogo mno, ziliruhusiwa kutoa noti zenye majina yao, mradi ziweke hati fungani za serikali kwenye Hazina. Noti za zamani zenye umbo kubwa zilifika benki bado zimeungana, kwa kawaida nne katika karatasi moja. Rais wa benki na keshia wakatia saini, kisha zikakatwa kwa mkasi palepale, ndiyo maana kingo za nyingi zimekwenda upande. Sisi wakusanyaji tunaupenda upogo huo.

Yangu ilikuwa ya dola 10, toleo la 1902, yenye sura ya Rais McKinley na jina la benki ya mji mdogo katika jimbo la Iowa, si mbali na kwangu Des Moines. Bei yake mke wangu hadi leo anaamini ilikuwa ya matairi.

Kisha akaja kututembelea Shangazi, fundi cherehani wa Tanga, ambaye pindo likipinda hapati usingizi. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta kifuko cha noti kitupu, mkasi, sufuria ya wanga wa muhogo na pasi ambayo bado ilikuwa ya moto. Kabla sijaketi, binti yangu akanipigia simu kutoka duka la jirani: Bibi amezuiwa.

Muuzaji alikuwa ameichora noti kwa kalamu ya kukagulia fedha bandia. Kalamu hiyo ina iodini, ambayo huwa nyeusi ikigusa wanga. Karatasi ya dola, iliyo ya pamba na kitani, haina wanga, lakini hii sasa ilikuwa nao wa kutosha kusimamisha kanzu. Mstari mweusi ti ulikuwa umempitia McKinley kidevuni.

“Ilikuwa chafu, baba, tena imekatwa na mtu asiye na jicho,” Shangazi alinieleza mbele ya askari. “Nimeifua, nimeinyoosha, nimeipunguza kingo.”

Nilimweleza askari kwamba noti hizo bado ni fedha halali kwa thamani iliyoandikwa juu yake, na nilipoitaja thamani hiyo, dola 10, koo lilinikauka. Askari aliridhika, muuzaji aliikataa hata hivyo.

Njiani Shangazi akaniuliza kama ninazo nyingine, kwa kuwa wanga uliobaki sufuriani ungeharibika bure.