Hata Mifupa Imekonda

Kwetu harusi bila sare si harusi, ni kikao. Mtoto wa shangazi yangu alipokuwa anaolewa Wete, miezi miwili kabla ya siku yenyewe amri ilitushukia simuni kutoka Pemba: kitambaa ni satini, rangi ya damu ya mzee, jora zima limeshanunuliwa. Fundi ni mmoja, ili mishono ilingane. Walioko Unguja wajipime wenyewe, watume vipimo kwa WhatsApp. Kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono, urefu. Kwa inchi. Ambaye hatatuma mpaka Ijumaa aje na baibui lake la kazini na asimlaumu mtu.

Futi ninayo. Ya marehemu bibi, rangi ya njano, namba nyingine zimefutika kwa kushikwashikwa. Inakaa ndani ya kopo la biskuti pamoja na vifungo visivyofanana na ule uzi wa kijani ambao hakuna nguo nyumbani inayoutaka. Nikajifungia chumbani, nikaizungusha kiunoni.

Inchi 37.

Nikavuta pumzi, nikalibana tumbo, nikapima tena, safari hii kwa uaminifu mdogo zaidi. 36 na nusu.

Miye ni mtu wa dera, lazima niseme. Dera halina saizi, linakubali tu. Unaweza kunenepa ndani ya dera tangu Mfunguo Mosi mpaka Ramadhani nyingine na lisikwambie neno. Nguo zangu zenye namba ni za mtumba wa Darajani, na namba zenyewe ni fitina tupu. Nina gauni moja lebo yake imeorodhesha mataifa: Uingereza 16, Marekani 12, Ujerumani 42, Ufaransa 44, Italia 48. Mwili ule ule, gauni lile lile. Ukivuka kutoka Ufaransa kuingia Italia umeshaongezeka nne kabla hujala hata boflo. Blauzi za Kichina ndiyo usiseme, hizo huniweka kwenye X tatu na L moja, kama mitihani iliyosahihishwa vibaya. Wamarekani walijaribu kuzitia adabu hizi namba. Mwaka 1939 na 1940 walipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja sehemu 59 za mwili, na mwaka 1958 wakatoa kipimo rasmi. Mwaka 1983 wakakiondoa. Maduka yalishagundua kwamba gauni likipewa namba ndogo, mteja hutoka dukani na gauni na tabasamu. Muuza mtumba wangu hatazami lebo kabisa. Anakutazama wewe, mara moja tu, anakurushia nguo: "Hii yako, bibie." Hajawahi kukosea, na hilo ndilo linalouma.

Basi usiku ule sikulala. 37 mara 2.54, sentimita 94. Nilikuwa najua, maana zahanati wanatwambia kila siku, kwamba kiuno cha mwanamke kikishapita sentimita 80 hatari inaanza kupanda, kikipita 88 imepanda khasa, kwa sababu mafuta yale hayakai juu juu, yanajikusanya ndani kuzunguka ini na matumbo na kuita sukari na presha. Na kwetu sukari na presha zimo ndani ya ukoo kama jina la babu. 94! Mume wangu alikuwa anakoroma pembeni, mimi nagawa vyombo vyangu kichwani, nani achukue masufuria, nani achukue makanga.

Asubuhi nikampitia yule kijana anayekaa na mizani barabarani. Kilo 68, baibui na mkoba ndani yake. Kimo changu ni mita 1.60. Unagawa uzito kwa kimo, jibu unaligawa tena kwa kimo: 26.6. Inatakiwa kati ya 18.5 na chini kidogo ya 25. Hesabu hii chanzo chake ni Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, mtu wa hesabu na nyota. Hata daktari hakuwa. Alikuwa anamtafuta binadamu wa wastani, na kwa vyovyote hakumtafuta Jang'ombe. Lakini hesabu ni hesabu: nilitakiwa nisifike kilo 64. Kilo nne na ushei zimezidi. Nenda dukani ukabebe sukari kilo nne uone kama ni mchezo.

Ndipo nikakumbuka mifupa.

Bibi yangu alikuwa akisema, "Sisi si wanene, sisi tuna mifupa." Na kweli lipo jambo hilo. Kampuni moja ya bima ya Marekani mwaka 1959 ilitoa jedwali la uzito lililowagawa watu kwa umbo: mifupa midogo, ya wastani, mikubwa, na mwenye mifupa mikubwa akaruhusiwa kilo za ziada. Umbo hulijua kwa kifundo cha mkono. Kwa mwanamke wa kimo changu, chini ya inchi 6 ni mifupa midogo, 6 mpaka 6 na robo wastani, ikizidi hapo mikubwa. Nikaitoa futi mbio. Nikazungusha.

Inchi 9.

Hapa mtu mwenye akili zake angesimama. Inchi 9 si kifundo cha mkono, ni ndizi mkono wa tembo. Miye nilishukuru Mungu. Nikajaribu na ile njia ya vidole, unakishika kifundo kwa kidole gumba na cha kati: vikipandana una mifupa midogo, vikigusana wastani, visipofikiana mikubwa. Vyangu vikagusana vizuri kabisa, kama vimeahidiana. Nikasema, vidole vyangu ndivyo virefu.

Vipimo nikavituma. Haikupita saa, fundi akanirudishia sauti. "Mwanangu, bega 18? Umejipima wewe au umepima mlango?"

Nilihamaki. Nikamjibu, "Fundi, kwetu tuna mifupa mikubwa. Shona kama nilivyoandika."

Akasema, "Haya."

Hata hivyo kiuno cha 94 kilikuwa kimeniingia moyoni, mifupa haikai kiunoni. Nikaacha urojo. Nikaacha katlesi za jioni. Asubuhi nikawa nakunywa chai peke yake, bila kitafunio, na baada ya sala ya alfajiri natoka na wanawake wenzangu wa mtaa tunatembea mpaka Maisara na kurudi, wao wanapiga soga, mimi nahema. Futi niliirudisha ndani ya kopo nikalifunga mfuniko, sikutaka kuiona tena. Mpaka wiki ya harusi nilikuwa nimepungua kilo tatu, na nilikuwa najiona msichana.

Boti ilinitapisha mpaka Mkoani, gari ikanimalizia mpaka Wete. Nimefika alasiri, rangi imenitoka, na gauni linaning'inia mlangoni linanisubiri. Nikalivaa mbele ya shangazi zangu watatu.

Mabega yalishuka nusu ya njia kwenda viwikoni. Kifua kikafanya mfuko ambao ungebeba embe. Kiunoni nilikamata kitambaa kilichozidi, ngumi ikajaa na kikabaki. Pindo lililala chini likanifuata kama limeagizwa. Ndani ya gauni lile tungeingia mimi na mtoto wa darasa la kwanza, na tungesikilizana.

Nilingoja mtu aseme gauni ni kubwa. Shangazi mkubwa alikaa kitandani taratibu, akaweka mkono kifuani. "Yarabi toba. Mwanangu, umefanywa nini?"

Maana wao walipiga hesabu yao, na hesabu yenyewe ilikuwa safi. Vipimo nilivituma mwenyewe miezi miwili nyuma. Fundi ni yule yule, na sare za wengine zimewakaa kama ngozi. Basi gauni halina kosa. Kilichopungua ni mtu.

Mpaka isha zilikuwa zimeshapatikana sababu tatu. Jikoni walisema ni sukari, imeanza kunila. Barazani wakasema hapana, mume kaoa Dar es Salaam. Somo wa bi harusi, mtu mzima ambaye kaona mengi, hakusema sababu ila alinijia na kikombe cha kombe, maandishi ya zafarani bado yanaelea, akanisimamia mpaka nimekimaliza. Nikaletewa supu ya kuku. Nikaletewa boflo la pili kabla la kwanza sijalimeza. Halua nililishwa kwa mkono, na kila nikisema "jamani miye nimefanya mazoezi," walitazamana kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayesema ameanguka bafuni.

Shangazi mkubwa akampigia simu mume wangu, mbele yangu, simu imewekwa sauti ya juu.

"Mke umemfanya nini?"

"Shangazi, shikamoo. Sijamfanya kitu."

"Marahaba. Anakula?"

Mume wangu ni mtu mkweli, na huo ndio upungufu wake. Akasema, "Siku hizi asubuhi anakunywa chai kavu."

"Chai kavu!" Nyumba nzima ilinyamaza. "Wewe mwanaume, umeshindwa hata kununua boflo?"

Siku ya pili fundi hakuwa na nafasi ya kuligusa gauni, ana sare nyingine nne hajazipiga pindo. Nikajitengeneza mwenyewe. Kanga mbili nilizizungusha kiunoni kwa ndani ili mwili ujae, halafu pini 14 mgongoni, begani na kwapani. Nilisimama wima kama bendera. Nilikuwa siwezi kuinama, kukaa wala kucheka kwa nguvu, lakini kwa mbali nilipendeza.

Ukumbini wote wanawake, alhamdulillahi, hilo nalishukuru mpaka leo. Wanawake wamejipanga katika rangi ya damu ya mzee, udi unafuka, taarabu inapigwa, nami nikapewa sinia la katlesi nipitishe meza ya mbele. Sijui nani aliona busara kunipa sinia. Nimepiga hatua ya nne, nikalikanyaga pindo. Nikapiga ya tano ili nisianguke, nayo nikalikanyaga, mbele zaidi. Nikaisikia pini ya kwanza ikiachia, tik. Halafu zikafuatana kama mahindi kikaangoni.

Sinia sikuliacha. Nataka ijulikane hivyo. Katlesi hata moja haikudondoka. Gauni ndilo lililoshuka, kwa heshima, bila haraka, likanizunguka miguuni kama chombo kimetua tanga. Nami nimebaki katikati ya ukumbi na shimizi na kanga, na ile ya juu, jina lake limekaa sawasawa mbele yangu, herufi kubwa, hata waliokaa nyuma walisoma:

MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Vigelegele vilivyopigwa, bi harusi hakuvipata alipoingia.

Fundi ndiye aliyenifuata chumbani, na hakuja kunipa pole. Alikuwa amekasirika. Kazi yake imevuka ukumbi mzima ikiwa sakafuni. Akaivua futi yake shingoni, akanipima kimya kimya, anaandika kiganjani kwa kalamu.

"Kiuno 33. Ulinambia 37." Akaniangalia. "Sawa, kiuno hupungua. Nyonga nayo hupungua. Kifua nacho, hata mie nikiumwa hupungua." Akanigeuza. "Bega 15. Ulinambia 18. Bega nalo limekonda?"

Nikanyamaza.

"Lete mkono." Akazungusha kifundo. "Sita. Hii ndiyo mifupa mikubwa?" Kisha akapiga magoti, akapima toka begani mpaka chini. "Urefu 52. Uliniandikia 55. Mwanangu, umekonda mpaka kimo?"

Shangazi mkubwa, aliyekuwa mlangoni, akasema "Subhanallah," maana yeye alikuwa bado yuko kwenye maradhi.

Nami nilianza kuhesabu. Bega tatu. Kifundo tatu. Urefu tatu. Kiuno tatu, na moja ya Maisara. Kumbe sentimita zangu hazikuwa 94 hata siku ile, zilikuwa 86, na sasa ni 84. Bado nimezidi ile 80, sijidanganyi, lakini masufuria yangu ningeweza kuendelea kuyatumia mwenyewe.

Fundi akauliza taratibu, kama anamuuliza mgonjwa, "Futi yako inaanzia ngapi?"

Nilimpigia mume wangu. Nikamwambia afungue kopo la biskuti, aitandaze futi mezani, anisomee namba ya kwanza. Nikasikia vifungo vikimwagika. Halafu kimya. Halafu akasema, "Namba ya kwanza ni nne."

"Ya tatu iko wapi?"

"Imekatwa. Kwa mkasi. Imekatwa vizuri."

Kwa nyuma nikasikia mlango wa uani ukifunguliwa polepole, mlango ule una mlio wake, na mume wangu akiita, "Wewe! Hebu rudi hapa." Mtoto wetu yuko darasa la tatu, na msimu ule wote alikuwa juu ya paa la jirani na tiara yake, tiara ambayo mwanzo ilikuwa inapinduka kwa kukosa mkia na baadaye ikaacha kupinduka. Tulifurahi naye. Tulimsifu.

Akapewa simu. Nikamuuliza, kwa sauti ya upole iliyonitoka kwa taabu, kwa nini amekata futi ya bibi.

"Sikuiharibu, mama," akasema. "Nimekata moja, mbili na tatu tu. Kwani wewe una kitu gani cha inchi tatu?"