Inapiga ngapi?

Jumamosi iliyopita, kwenye klabu ya kulenga shabaha ninakokwenda huku Uingereza, mzee mmoja aliniuliza swali fupi nikaumbuka. Nilikuwa nimekaa benchini, bunduki yangu ya upepo mapajani, naifuta. Akaja, akaomba kuishika, akaigeuza kwa uangalifu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, akaisifu. Halafu akauliza: "Inapiga ngapi?"

Nikamjibu bila wasiwasi: "Inapiga vizuri."

Akacheka. Hakuwa na ubaya, lakini wenzake wawili waligeuka, na mmoja akalirudia lile "vizuri" polepole, kama mtu anayeonja mchuzi asioujua. Nimerudi nyumbani nalo, nimelala nalo, na leo naliandika.

Alichotaka ni namba. Risasi inatoka mtutuni kwa futi ngapi kwa sekunde. Huku kila mwenye bunduki ya upepo anaijua namba hiyo kama anavyojua saizi ya kiatu chake. Mimi niliyekaa na yangu miezi saba nilikuwa najua kwamba inapiga vizuri.

Wenye haraka ya kunihukumu wasubiri kidogo. Ni halali. England na Wales, bunduki ya upepo ya mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea haihitaji cheti mradi nguvu yake haizidi futi-pauni 12 (hicho ni kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka mtutuni, si cha kasi yake). Ikizidi hapo, ni silaha ya cheti, na ukikutwa huna, una kesi. Scotland ni wakali zaidi, tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata hii yangu ingehitaji cheti. Mnaona? Hata sheria yenyewe haiulizi kama inapiga sana. Inauliza ngapi.

Na bunduki yenyewe mnaijua, ila hamjui kama mnaijua. Ni BSA. Ndiyo, ile ile BSA ya baiskeli. Kampuni ilianzishwa Birmingham mwaka 1861 kwa ajili ya kutengeneza bunduki, baiskeli zikaja baadaye, ndiyo maana alama yao ni bunduki tatu zilizoegemezana. Baiskeli ya baba ilikuwa na alama hiyo, na utoto wangu wote niliamini zile ni fito tatu, sijui za kujengea nini. Nilipoiona alama hiyo hiyo kwenye kitako cha mbao, kwenye bunduki iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili, sikuuliza mara mbili. Nilinunua kumbukumbu, bunduki ikawa nyongeza.

Ndani yake haina baruti wala betri. Unavuta wenzo ulio chini ya mtutu, springi inabanwa nyuma ya pistoni. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele, inaibana hewa ndani ya silinda, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi. Ni pampu ya baiskeli yenye hasira.

Basi, kwa hasira zangu na mimi, nikaazima kipima mwendo. Ni kidude cha kuweka mbele ya mtutu, risasi ikipita kinakuandikia kasi yake. Nikapiga kumi. Ya chini kabisa ilisoma 340, ya juu 431. Yaani hiyo "vizuri" yangu ilikuwa inayumba kwa futi 91! Na zile mbili za kwanza zilitoa kamoshi mdomoni, ambako kwa miezi saba nilikuwa nakaona ni dalili ya nguvu. Kumbe ni mafuta niliyoyamwaga ndani kwa ukarimu wangu, yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kama injini ya dizeli.

Hapa ndipo ninapogombana na nyumbani, na najua mtanijia juu. Sisi tuna ugonjwa wa "ipo sawa". Muulize fundi yeyote nati hii ikazwe kiasi gani, atakwambia "utasikia mwenyewe". Breki? "Zimekaa poa." Mafuta kiasi gani? "Weka ya kutosha." Ya kutosha ni kiasi gani, ndugu yangu? Pikipiki yangu ya kwanza ilikufa kwa "ya kutosha". Sisemi mafundi wetu hawajui, nasema hawaandiki, na fundi akihama au akifariki, wewe unaanza upya na mwingine ambaye naye atasikia mwenyewe.

Haya, leteni sasa. "Amekaa Ulaya siku mbili anatufundisha kupima." Siku mbili zenu ni miaka kumi na moja, na mingi kati ya hiyo nimeipitisha zamu za usiku. "Mtu mzima anacheza na bunduki ya kitoto." Jaribuni kuikoki, halafu tuongee utoto. "Umekuwa Mzungu." Hili ndilo linaloniudhi, maana sijamaliza hadithi.

Yule mzee aliyenicheka ana daftari. Kila risasi aliyopiga tangu sijui lini imeandikwa humo, na hali ya hewa ya siku hiyo. Nikamuuliza, ndani ya bunduki yako mkoje? Akanitazama kama nimemuuliza habari za ini lake. Hajawahi kuifungua! Inapougua anaipeleka kwa mtaalamu, anakaa kwenye foleni, inarudi na karatasi ya namba mpya. Yangu nayo akanishauri niipeleke huko huko.

Sikuipeleka. Nilifungua mwenyewe, mezani jikoni, springi nimeibana kwa kibanio ili isinirukie usoni, na nilipoitoa pistoni nusura nicheke. Kichwani mwake kuna nini? Ngozi. Kikombe kidogo cha ngozi kilichofungwa kwa skrubu, kimekauka, kimekakamaa, kingo zake zimepasuka. Ngozi ya pampu! Kila aliyetumwa utotoni kujaza upepo tairi la baiskeli anaijua. Ikikauka, pampu inahema tu, haipeleki kitu. Unaichomoa, unaipaka mafuta, unapanua mdomo wake kwa kidole gumba, unarudisha.

Nikakata mpya kwenye mkanda wa zamani wa suruali, nikailowesha kwenye mafuta usiku kucha, nikaibana ndani ya bomba ili ishike umbo la kikombe, nikaikausha kwa kitambaa hadi isichuruzike. Nikabadili na risasi pia. Mitutu ya zamani ya BSA huwa mipana kidogo, hivyo zile za milimita 5.5 zilikuwa zinapita kama mgeni asiyebisha hodi, nikaweka za 5.6. Milimita 0.1 ni kama unene wa unywele, na inatosha kukuharibia siku.

Kipima mwendo kikasoma 470, 466, 472. Hakuna moshi. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo kwa majivuno ambayo siyaombei radhi.

Mdogo wangu akajibu ndani ya dakika moja: "Kaka, weka springi ngumu, itafika mia sita." Ugonjwa ule ule, sasa umevaa namba! Na mimi, Mungu anisamehe, nikaiweka. Ikapanda hadi 485 tu. Lakini bunduki ya springi ina tabia ya kupiga teke mara mbili, kwanza nyuma pistoni inapoondoka, kisha mbele inapogonga mwisho wa silinda, na yote hayo risasi bado imo mtutuni. Ndiyo maana haishikwi kwa nguvu, inapumzishwa juu ya kiganja kama kifaranga. Na springi ngumu, kifaranga akawa punda. Matundu matano yaliyokuwa yanafunikwa na sarafu yakatawanyika upana wa kisosi, na skrubu ya kilengeo ikalegea. Nikarudisha springi ya zamani, nikaipaka grisi nzito ili iache kulia, nikamwandikia mdogo wangu namba zote mbili na picha za shabaha zote mbili. Akanitumia kidole gumba.

Lakini kulikuwa na jambo bado linanikera. Kila baada ya risasi kama kumi, moja inashuka hadi 430. Nikapima, nikaandika, nikawa na daftari kama la yule mzee, na sikujua sababu.

Jana nikampigia kwa video mzee wetu wa pampu, aliyekuwa anatutengenezea baiskeli, sasa macho yamechoka. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nikamwonyesha pistoni karibu na kamera. Hakuuliza namba. Akaniambia niizungushe polepole. Nikazungusha. "Simama hapo. Mdomo wa ngozi umekunjika upande huo, uliukwaruza ulipokuwa unaingiza."

Nikatazama. Kweli, mkunjo mdogo kama kucha ya mtoto, ngozi ilipopita kwenye ukingo wa ule mwanya mrefu wa silinda. Nikaunyoosha, nikalainisha ukingo kwa msasa, nikairudisha nikiwa nimeifunika kwa kipande cha plastiki, naye akiwa bado hewani. Risasi kumi. Ya chini 484, ya juu 493.

Nikamsomea moja moja kwa sauti. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa hizo ni nyingi au kidogo?"

Nikamwambia, mzee, inapiga vizuri.