Vidonge vya kalsiamu: daktari anayesita ana hoja

Daktari akimwambia mama wa miaka 55, mzima wa afya, kwamba hana haja ya vidonge vya kalsiamu, huonekana mzembe. Mifupa si kalsiamu? Ikipungua, si irudishwe?

Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1992 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walichapisha matokeo ya wanawake 3,270 wa nyumba za wazee, wenye wastani wa miaka 84. Kati ya waliofikisha miezi 18, waliomeza kalsiamu na vitamini D kila siku walivunjika nyonga kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Ni mafanikio makubwa, na sipendi yanapobezwa.

Lakini hao walikuwa vikongwe wenye upungufu wa vitamini D. Shida ya mama wa miaka 55 anayekwenda sokoni kwa miguu ni nyingine kabisa. Mfupa ni hai: kuna seli zinazoubomoa na seli zinazoujenga upya, na madini hushikamana na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Anayewazuia wabomoaji ni homoni ya estrojeni. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hushuka, na ubomoaji huupita ujenzi. Ukirundika matofali pale, wabomoaji hawaachi kazi.

Wamarekani walilipima jambo hili kwa wanawake 36,282 wa miaka 50 hadi 79, kwa takriban miaka saba, na kutoa matokeo mwaka 2006. Waliopewa vidonge walivunjika nyonga 175. Waliopewa vidonge vya kulinganishia, visivyo na dawa, 199. Tofauti ni 24, ndogo kiasi cha kuweza kuwa bahati tu. Sasa tazama figo: waliopata mawe ni 449 dhidi ya 381. Wameongezeka 68! Ni kweli, waliomeza bila kukosa walinufaika zaidi kwenye nyonga. Hata hivyo kila nikizirudia namba hizi nakwama palepale: mtu asiyeumwa anapewa kinga isiyo na uhakika, kisha analipa kwa maumivu ya jiwe la figo.

Kikongwe asiyetoka nje apewe, tena mapema. Huyu mwingine aanze kwa kupimwa wingi wa madini kwenye mifupa. Ikikutwa dhaifu, zipo dawa kama alendroneti zinazowapunguza kasi wabomoaji wenyewe, na hapo kalsiamu ya kutosha, hasa ya chakula, hupata kazi ya kufanya.