Machinga kaondoka, Prado ikapaki

Jumapili iliyopita nilikuwa namsindikiza mama kanisani, hapa hapa Sinza. Mama ana miaka 74, goti la kulia limeshachoka, anatembelea fimbo. Kutoka kwangu hadi kanisani hazizidi mita 300. Katikati ya safari hiyo, juu ya vile vitofali vilivyotandikwa kwa ajili ya miguu kama ya mama yangu, ilikuwa imepaki Prado nyeupe. Si kwamba ilipanda tairi mbili tu. Ilipanda yote, pua imebusu ukuta wa banda la juisi, mkia unaning'inia juu ya mtaro.

Mwenye gari alikuwa pale pale anasubiri juisi yake ya miwa. Na nimpe haki yake, kijana kalelewa: "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba. Kisha kijana akanyoosha mkono wenye funguo kuelekea barabarani. "Piteni hapo tu mama, hamna shida."

Hapo tu! Hapo tu ni lami, ni daladala zinazokimbizana kuwahi kituo, ni bodaboda anayekuja upande usio wake huku anaongea na simu iliyobanwa kwenye kofia. Mama alishusha fimbo kwanza, kisha mguu mzima, kisha ule mbovu. Tukapigiwa honi kama mbuzi walioingia shambani kwa watu.

Sasa nikumbushe kitu ambacho tumekisahau haraka mno. Oktoba 2021 machinga wa jiji hili la Dar es Salaam waliondolewa pembezoni mwa barabara. Neno lililotumika lilikuwa zuri, "kuwapanga". Mabanda yakavunjwa, meza zikabebwa, akina mama wa mihogo na kachumbari wakakusanya masufuria. Na sababu tuliyopewa, mojawapo na kubwa, ilikuwa sisi: waenda kwa miguu tupate njia. Mimi niliunga mkono. Naandika hapa bila kujificha, niliunga mkono, maana nilikuwa nimechoka kuruka viatu vya mtumba kila nikishuka Kariakoo. Nikasema jamani, hata kama inauma, njia ni njia.

Njia ikapatikana. Nadhani tuliifaidi wiki chache. Kisha ikaja Noah moja, ikaja Kirikuu ya kushusha maji, ikaja Prado, na leo pale alipokuwa anakaa mama wa mihogo pamekuwa maegesho. Tofauti ni kwamba mama wa mihogo ukimwambia "nipishe" alikuwa anavuta beseni lake. Na alikuwa anauza kitu! Unapita kwa shida, lakini unaondoka na muhogo wa mia tano. Prado inakupa nini? Inakupa kioo cheusi ujitazame namna ulivyo mdogo.

Hivi, ni nani hasa tulimpisha? Maana kama tatizo lilikuwa kuziba njia, gari linaziba kuliko meza. Kama tatizo lilikuwa umaskini kuonekana, basi tuambiane tu, tusisingizie miguu ya mama yangu.

Najua mtaniuliza, na wewe gari lako unapaki wapi? Ninacho kaIST, ndiyo. Na nimeshawahi kukipandisha juu ya vitofali, duka la dawa, "dakika mbili tu". Kila mtu ni dakika mbili tu. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba Kariakoo ukitafuta nafasi utazunguka mpaka mafuta yaishe. Lakini gari ni langu, kuzunguka ni kwangu. Mama yangu hakuninunulia IST.

Halafu kuna mwendo. Watu wanayatenganisha haya mambo mawili, kumbe ni jambo moja. Ukimsukuma mtu kutoka kwenye vitofali, unamshushia mahali ambapo sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa. Hiyo 50 yenyewe tunaiheshimu pale tu tunapopigiana taa kwamba mbele kuna trafiki na tochi. Lakini tuseme dereva ni mtakatifu, yuko 50 kamili. Mtoto akichomoka nyuma ya hiyo Prado, sekunde moja ya kushtuka tu gari limeshakwenda mita 14, breki bado haijaguswa. Aliyekuwa 30, ndani ya mita hizo hizo, kwenye lami kavu, ameshasimama. Ameshasimama na anatukana, lakini mtoto yuko hai anamsikiliza.

Kwa hiyo mitaani, siongelei Bagamoyo Road, halmashauri ziweke 30 na matuta ya maana. Yasiwe yale ya kienyeji yanayochuna injini. Watu watalalamika, hilo halikwepeki. Wales waliposhusha mitaa yao mingi kutoka maili 30 kwa saa hadi 20 mwaka 2023, zaidi ya watu 460,000 walitia saini kupinga. Walitia saini wakiwa hai, wote.

Ila vibao peke yake sivitaki. Vibao tunavyo, vingine vimeshageuzwa nguzo za kufungia kamba za nguo. Faini nazo zina namba ya simu ya mjomba. Mimi nataka zege. Nguzo fupi za zege, goti kwa urefu, mita moja na nusu kati ya moja na nyingine ili kiti cha magurudumu kipite na Prado isipite. Mafundi wetu wanasema zege halilali. Mimi nalipendea jingine: zege halipokei simu. Halijui wewe ni nani wala unafanya kazi wapi.

Tukirudi kutoka ibadani Prado ilikuwa imeondoka. Mahali pake pamebaki vitofali vitatu vimetitia na doa la oili. Mama akavikwepa kwa fimbo. Ameshaniambia Jumapili hii hatembei tena, nimwitie bajaji. Mita 300. Buku mbili kwenda, buku mbili kurudi.