Shati Langu Limetembea Kunishinda

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la Karume kutafuta shati la mtumba la kuvaa kwenye harusi ya mpwa wangu, nikamkuta kijana ndiyo kwanza amefungua belo, akaniapia kwamba shati lile ni gredi ya kwanza na kwamba mwenyewe wa huko ng'ambo alilivaa mara mbili tu. Alijuaje, mimi sikumuuliza. Nikatoa elfu nne, nikaondoka nikijiona mjanja wa mjini, hadi Mama Neema alipovaa miwani yake akanisomea mfukoni, ambako pametariziwa kwa uzi mwekundu jina la karakana ya matairi ya Ohio, kule Marekani.

Ndani ya ukosi kuna lebo inayosema pamba asilimia mia moja, na hapo ndipo roho iliponiuma. Marehemu baba yangu alilima pamba kule Maswa maisha yake yote, akibeba bomba la dawa mgongoni na kusubiri bei ambayo haikuwahi kumuuliza anadaiwa kiasi gani dukani. Hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu hutoka nchini bila kusokotwa hata uzi mmoja. Inapanda meli ikiwa imefungwa robota, halafu inarudi bandari ile ile ikiwa imefungwa robota, ila safari ya pili ina jasho la mtu mwingine.

Wakubwa wetu walijaribu, nisiwasingizie. Machi 2016, walipokutana Arusha, marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua hadi ikome, ili viwanda vya nguo vipate pumzi. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao, nayo ikatukumbusha kwa upole kwamba kuna mpango unaoitwa AGOA, ambao wakati huo uliruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia kwao bila ushuru, na kwamba mlango huo una kitasa upande wao. Kenya ikarudi nyuma, Uganda ikarudi nyuma, na sisi Tanzania tukagundua ghafla kwamba mitumba haina ubaya. Ni Rwanda peke yake iliyokaza shingo, baada ya kupandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, na Julai 2018 nguo zake zikafungiwa mlango huo. Mimi sijapata kuona jirani anayekununia kwa sababu umekataa kununua kaptura yake kuukuu.

Nami ningegoma kununua, wallahi, lakini shati jipya dukani lilikuwa elfu thelathini na tano na mchango wa harusi nilikuwa bado sijaumaliza. Nikalivaa hivyo hivyo, koti juu yake, hadi joto la ukumbini liliponilazimisha kulivua koti. Haikupita hata nusu saa, mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanivuta pembeni kwa heshima zote, akaniuliza matairi ya Fuso siku hizi nayauza shilingi ngapi.