Kodi haifanyiwi mazoezi

Naomba nianze na mama mwenye nyumba wangu wa Chikongola, hapa Mtwara, maana yeye ndiye aliyeona mbali. Jioni moja alinikuta kibarazani nimeinamia kinanda cha kuazima, simu imeegemezwa kwenye kikombe mbele yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Siku zote hizi ti ti ti mpaka usiku, unafanya nini?"

"Nafanya mazoezi ya kodi, mama."

Akanitazama kwa muda. "Kodi haifanyiwi mazoezi, mwanangu. Inalipwa."

Nilikuwa nadaiwa miezi miwili, kwa hiyo sikuona busara ya kumweleza kwamba wapiga kinanda nao wana kodi zao, sauti tatu zinazobonyezwa kwa pamoja.

Mkasa ulianza pale mpiga kinanda wa kwaya yetu alipohamishiwa Dodoma kikazi. Kwenye kikao nikajitia kusema kwamba kinanda niliwahi kukigusa. Na kweli niliwahi: nilikibeba. Basi nikapakua programu ya kujifunzia. Inakuchorea kinanda kwenye kioo, inakwambia piga C, halafu inasikiliza kwa maikrofoni ya simu. Ukipatia, unapewa nyota na makofi. Ukikosea, dada mmoja mwenye Kiingereza cha Marekani anakwambia, bila hasira kabisa, ujaribu tena. Wiki ya tatu nilikuwa na kodi za C, F, G na A maina. C yenyewe ni kii (vile vibonyezo vya kinanda) nyeupe tatu, C, E na G, unabonyeza moja unaruka moja. Nikajiona fundi.

Tatizo ni mwalimu wa kwaya. Yeye ni mtu wa nota za do re mi, na kwa watu hao Do haina makazi ya kudumu. Leo anaandika juu ya karatasi "Do ni G", kesho "Do ni F", na kwaya nzima inahama naye bila manung'uniko, kwa sababu mwimbaji akihama anabeba koo tu. Mpiga kinanda anahama na vidole kumi. Wimbo wa matoleo wa sikukuu ya parokia, akasema, Do ni E flati, ile kii nyeusi iliyo kushoto kwa E. Sauti ya kwanza wakiimbia C wanasinzia, wakiimbia F wanapiga mayowe.

Programu ilikuwa na somo la jambo hilo hilo, somo la 7. Unahesabu hatua kutoka C hadi ufunguo mpya, kii nyeusi nazo zihesabiwe, kisha kila kodi unaisogeza hatua zilezile. C hadi E flati ni hatua 3. Kwa hiyo F inakuwa A flati na G inakuwa B flati. Kwa mdomo ni rahisi. Kwa vidole nilikuwa kama mtu anayetafuta tundu la kufuli gizani.

Ndipo nikagundua kwamba kinanda cha kanisa kina kitufe cha kuhamisha sauti. Unaongeza 3, unapiga C yako ileile, spika zinatoa E flati. Sikumwambia mtu. Somo la 7 nikaliacha palepale kwenye swali la kwanza: piga E flati.

Asubuhi ya sikukuu nilichomeka simu kwa waya kwenye miksa ya spika za kanisa ili kwaya isikilize rekodi ya mazoezi. Ilipokwisha nikafungua somo la 7, nikaisimamisha simu juu ya kinanda ili mwalimu akipita aone ninavyojituma. Waya sikuuchomoa.

Ulikuwa msimu wa korosho, watu wana hela na shukrani. Matoleo yakaja kwa maandamano: magunia ya korosho, kapu la ming'oko, majogoo, na nyuma kabisa mzee mmoja akivuta mbuzi. Ubeti wa kwanza nikaupiga vizuri, nikatia na madoido.

Umeme ukakatika. (Gesi ya Mnazi Bay inachimbwa hapahapa kwetu, lakini umeme una ratiba zake.) Kwaya haikutetereka, iliendelea kuimba. Baada ya muda jenereta ikanguruma, kinanda kikawaka. Sasa, kinanda kile kikizimika kinasahau kila kitu, pamoja na ile 3 yangu. Nikaingia kwenye kiitikio kwa nguvu zote, nikiwa C, kwaya ikiwa E flati.

Mbuzi akalia. Na kwa haki, mbuzi alikuwa karibu na E flati kuliko mimi.

Spika zikasema, kwa Kiingereza: jaribu tena.

Waumini wakageuka kumtafuta huyo dada. Mwalimu akanikodolea macho. Nikakumbuka kitufe, nikakibonyeza mara tatu harakaharaka, kumbe nimebonyeza cha kupunguza. Kinanda kikashuka hadi A. Kutoka A hadi E flati ni hatua 6, na hatua zote ni 12 tu kabla hujarudi ulikotoka. Maana yake hapo ndipo mbali kuliko kote. Ukizidisha hata hatua moja, umeanza kurudi nyumbani.

"Jaribu tena," akasema dada. Mzee wa mbuzi, ambaye Kiingereza anakisikia kidogo, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza upya.

Nikaondoa mikono. Kwaya ikamaliza peke yake, sauti nne, ikatua kwenye kodi ya mwisho: besi wameshika E flati, wenzao G na B flati, safi kama maji ya mtungini. Kanisa likawa kimya. Padri akainua mikono kuanza sala.

Spika zikalipuka kwa makofi na vigelegele. Dada akatangaza kwa furaha kwamba nimefaulu, nyota tatu, niendelee na somo la 8.

Mwalimu hakunigombeza. Alikuja taratibu, akachomoa waya, akaninong'oneza: "Kaka, mazoezi yajayo aje huyo dada. Wewe pumzika."

Mama mwenye nyumba ni mtu wa msikitini, hakuwepo, lakini Mtwara habari haihitaji spika. Jumatatu nilimkuta ananisubiri kibarazani.

"Nasikia jana kodi zilikushinda mbele za watu."

"Ndiyo mama."

"Pole mwanangu. Na yangu je?"