Babu Alipobanduka

Mwaka 2024 babu na bibi walitimiza miaka 50 ya ndoa, na kwenye kikao cha familia kila mtu akabeba mzigo wake. Baba mbuzi, baba mdogo maturubai, shangazi pilau. Mimi mwezi ule sikuwa hata na nauli, kwa hiyo nikanyoosha mkono nikasema nitatengeneza albamu. Siyo zile za nailoni za kuchomeka picha, nikawaambia. Albamu ya mkono, ya karatasi za maua, kila ukurasa na pambo lake. Wakanipigia makofi. Shangazi ndiye hakupiga.

Nilianza vizuri. Nikanunua manila nyeupe, nikakata kurasa, nikazitoboa na kuzifunga kwa kamba za viatu. Mapambo nikayaokota kokote: karatasi za kufungia zawadi, kalenda za miaka iliyopita, hata bahasha za kadi za michango ya harusi, ambazo nyumbani kwetu hazijawahi kuisha. Usiku wa kwanza tu nikagundua kwamba karatasi ya maua ina kelele. Bandika picha ya rangi juu yake uone: shangazi zako wote wanapotelea kwenye mawaridi, unabaki kutafuta nani ana meno na nani ana petali. Dawa yake ni kutanguliza kipande cha manila tupu, kikubwa kidogo kuliko picha, ndipo ubandike picha juu yake. Picha nyeusi na nyeupe hazina matata hayo. Zile hata ukiziweka juu ya pazia zinaonekana.

Ukurasa wa ubatizo wa baba niliutandika gazeti, nikiamini ni ubunifu. Gundi ilipokauka ndipo nikaona tangazo linalochungulia juu ya kichwa cha mtoto: dawa ya kunguni. Nikafunika na ua.

Lakini ukurasa wa katikati, wa maharusi wenyewe, niliutaka uwe kanga. Fikiria mwenyewe: kanga imeshapangwa kama ukurasa. Pindo ndiyo fremu, mji ndio uwanja wa kubandika picha, na jina limekaa pale chini kama maelezo ya picha. Bibi alipokwenda kanisani nikafungua sanduku lake. Chini kabisa, chini ya mashuka, nikakuta moja ya njano iliyokolea, ina korosho nyekundu, na jina lake linaanza hivi: NILIKUDHANI DHAHABU.

Dhahabu! Miaka 50! Nikaona Mungu yuko upande wangu. Kisha nikakunjua upande wa pili. KUMBE ADHABU.

Mtu mwenye akili angerudisha kanga sandukuni. Mimi nikakaa chini nikapiga hesabu. Maneno ni manne, yamejipanga mstari mmoja. Nikibandika picha ya bibi juu ya NILIKUDHANI, na ya babu juu ya KUMBE ADHABU, katikati yao linabaki neno moja tu linalong'aa: DHAHABU. Binamu yangu nilipomweleza alinitazama kama anayetazama mtu anayewasha jiko la gesi linalovuja. Nikamwambia hajui sanaa.

Kwenye duka la fotokopi, kijana aliitandaza kanga kwenye kioo cha mashine, akabonyeza. Ikatoka korosho moja, kubwa kama kiatu. Nikajaribu kuweka picha ya babu pembeni yake, akawa kama ameota pembe. Ndiyo hasara ya kuchukua ua la nguo jinsi lilivyo ukalitia kwenye karatasi: kinachopendeza kiunoni hakienei kwenye ukurasa. Nikarudi nyumbani, nikaianika kanga kwenye kamba ikiwa imenyooka, nikaipiga picha kwa simu, tukaichapa kwenye A3. Mara hii korosho zikawa ndogo kama kucha, kanga nzima imeenea na pindo lake. Nilitaka kulia kwa uzuri.

Gundi ya fimbo ikaniishia baada ya kumbandika bibi. Saa tano usiku maduka yamefungwa. Nikapika uji wa ngano, mzito, kama tuliopikiwa shuleni wa kubandikia ramani, nikampaka babu mgongoni, nikamkandamiza kwa Biblia. Ambacho sikujua ni kwamba karatasi za picha za siku hizi zimepakwa plastiki mbele na nyuma. Uji hauna pa kuingilia. Unakauka tu, unakuwa ganda, unangoja siku yako.

Siku ikafika. Misa, hotuba, keki. Mshereheshaji akaitwaa albamu, akafungua ule ukurasa wa katikati, akaunyanyua juu kabisa ili hata walioko jikoni wauone.

Babu akabanduka. Hakuanguka kwa haraka, alielea. Akapita mbele ya mshereheshaji, akazunguka mara moja, akatua chali kwenye sinia la kachumbari.

Mshereheshaji, kwa mazoea ya kazi yake ya kusoma kila kilichoandikwa, akasoma kwenye kipaza sauti: "Bibi harusi... dhahabu... kumbe... adhabu."

Nikasikia jenereta likinguruma. Nyuma kabisa, mama mmoja ambaye hakusikia vizuri akapiga kigelegele. Shangazi akanitazama, na sasa akapiga makofi. Mara tatu, polepole.

"Amesemaje?" babu akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Akaomba albamu, akavaa miwani, akaisoma huku kidole kikifuata maneno. Kisha akamgeukia bibi.

"Hii si ile kanga yako ya njano?"

"Ndiyo," bibi akasema, akitazama mbele.

"Uliyoinunua nilipokwenda Tanga?"

"Ulipoaga siku mbili ukakaa wiki tatu. Ndiyo."

Babu akavua miwani. "Na ukawa unaivaa kila nikikaa mezani."

"Kila siku. Wewe ulikuwa unaangalia chakula."

"Nilikuwa naisifia!" Sasa babu alikuwa anazungumza na ukumbi mzima. "Jamani, nilikuwa nasema imekupendeza! Si nilikupa hela ukanunue nyingine?"

"Ulinipa, baba. Nikanunua."

Maturubai yote yakaangua kicheko. Mshereheshaji akalazimika kukaa. Babu alingoja watu wanyamaze, akamwinamia bibi.

"Hiyo nyingine iliandikwaje?"

Bibi akafunga albamu, akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, hebu waambie walete pilau."